Kipimo cha Winchi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Njiti alikuwa na kazi moja: kumhesabia baba yake. Aliketi uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari mapajani, naye baba akainua. Kwanza gunia la mchanga, kisha tairi la trekta, mwisho jiwe la mviringo ambalo wanaume watatu walilileta kwa mkokoteni wakaapa hawataligusa tena.

"Moja," alihesabu Njiti. "Mbili. Hiyo ya tatu siiandiki, baba. Hukulifikisha jiwe kifuani."

"Wewe ni refa au ni mwanangu?"

"Vyote viwili."

Baba alicheka, akalishika jiwe upya. Ni yeye aliyempa binti yake jina la Njiti, kwa wembamba wake kama kijiti cha kiberiti. Yeye mwenyewe mji mzima ulimwita Winchi.

Winchi hakuzaliwa bingwa. Ujanani alikuwa akipakua mifuko ya saruji katika ghala la vifaa vya ujenzi. Wenzake walibeba mfuko mmoja mmoja. Yeye alibeba miwili, mmoja kila bega, huku akiimba kwa sauti mbaya ajabu. Siku moja lori lilikwama kwenye tope mbele ya ghala. Wanaume sita walisukuma hadi pumzi zikawaishia. Yeye akajifunga kamba kiunoni, akainama, akalivuta. Mwenye ghala akashika kichwa: "Huyu si mtu, ni winchi ya kuvutia magari!" Jina likaganda. Mwaka uliofuata aliingia mashindano ya watu wenye nguvu, akatoka wa mwisho, maana nguvu alikuwa nazo ila kupumua hakujua. Hakukata tamaa. Alifanya mazoezi jua na mvua, na mwaka wa tatu akatwaa ubingwa. Tangu siku hiyo aliutetea bila kushindwa, mpaka ikatimia mikanda saba ukutani sebuleni.

Lakini mwili nao una siku zake. Alipotimiza miaka arubaini na minne, kichwa kilianza kumgonga kila alipoinama, na mara mbili alitoka damu puani. Mama Njiti, aliyekuwa mshonaji wa nguo, alimburura hadi hospitali. Huko wakamwambia ana shinikizo la damu, tena la juu sana. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, na akakatazwa kuinua vitu vizito mpaka presha ishuke.

Alimeza mwezi mmoja tu. "Vidonge gani hivi vya kumkojoza mtu kama bomba bovu?" alinong'ona siku moja, akiwa nyuma ya tangi la maji. "Nikivimeza nalegea kama nguo iliyoloa." Kila asubuhi mama alimpa kidonge kwa mkono wake mwenyewe. Kila asubuhi Winchi alikiweka chini ya ulimi, akanywa maji, akaenda kukitema kwenye kopo nyuma ya tangi. Njiti alimwona.

"Hili ni letu wawili," baba alimwambia. "Mama yako ana wasiwasi mwingi. Tusimwongezee."

Njiti alikuwa na miaka kumi na miwili, na kupewa siri na bingwa si jambo dogo. Alijiona mtu mzima. Hakusema.

Basi mwaka ule chama cha mchezo kikatoa tangazo: kila mshindani apimwe zahanati, alete kadi yenye mhuri. Winchi alilisoma tangazo mara tatu, akaketi.

"Wakinipima mimi, nimekwisha," alisema.

Akamwita mdogo wake. Baba mdogo huyu alikuwa fundi uashi, naye na Winchi walifanana kama shilingi kwa ya pili: bega hilo hilo, shingo hiyo hiyo, hata pengo la meno. Tofauti yao ilikuwa uvivu tu. Baba mdogo alipumzika kila baada ya kupanga tofali la kumi.

"Kaka, mambo haya yana mwisho mbaya," alisema aliposikia anachotakiwa kufanya.

"Mara moja tu. Nichukue mkanda wa nane, nistaafu kwa heshima. Nenda na Njiti. Wakikuona na mtoto hawatauliza maswali mengi."

Zahanati ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Muuguzi alikuwa mgeni mjini, ndiyo kwanza amehamishiwa hapo. Alitazama picha iliyofifia kwenye kitambulisho cha Winchi, akamtazama fundi uashi, kisha akamgeukia Njiti.

"Eti mtoto, huyu ndiye Winchi mwenyewe?"

Njiti alimgeukia baba mdogo. Naye alikuwa anatazama dari.

"Ndiye," alisema Njiti.

"Haya. Mtoto hadanganyi." Muuguzi akafunga kitambaa cha kupimia presha kwenye mkono mnene, akakijaza upepo, akasoma. "Mia na ishirini kwa themanini! Baba, una presha ya kijana." Akagonga mhuri.

Mama alipoiona kadi jioni ile, aliibusu. "Si niliwaambia vidonge vitamsaidia?" Njiti aliinamisha uso kwenye sahani, na chakula kikamshinda.

Siku ya mashindano jua liliwaka bila huruma. Mchezo wa mwisho ulikuwa kuvuta lori lililojaa mchanga, hatua ishirini na tano. Kijana mmoja aliyeitwa Tingatinga alikuwa amelifikisha hatua ishirini na mbili. Winchi alihitaji kumpita huyo tu, mkanda ubaki nyumbani.

Njiti alimfuata baba yake pembeni akamkuta ameegemea ukuta, macho amefumba.

"Baba, acha. Tafadhali."

"Baada ya hii nitaacha. Nenda kahesabu."

Alijifunga kamba. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti moja, na lori likasogea. Kumi. Kumi na tano. Kwenye hatua ya kumi na nane mkono wake wa kulia uliiachia kamba, wenyewe tu. Upande mmoja wa mdomo ukashuka. Alijaribu kusema neno, likatoka kama la mlevi, kisha akaanguka kifudifudi. Watu wengine walicheka, maana Winchi alipenda mizaha. Vicheko vilikatika mama Njiti alipopiga ukelele.

Hospitalini daktari alimpima akakunja uso. Presha ilikuwa juu kupita kiasi. Akaichukua ile kadi ya zahanati kutoka kwa mama, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mama, huyu mgonjwa ana presha ya siku nyingi?"

"Ndiyo daktari, lakini anameza vidonge. Nampa kwa mkono wangu huu."

"Na juzi kipimo kilikuwa cha kawaida kabisa. Sasa hii ya leo imetoka wapi? Amejidunga kitu? Wanamichezo wengine hujidunga madawa ya kuongeza nguvu. Nikimtibu bila kujua alichotumia, naweza kumuua."

"Hajidungi chochote! Haki ya Mungu!"

"Basi tumpime damu kwanza tujue ni sumu gani."

Baba mdogo aliukaza mkono wake begani mwa Njiti. "Kimya," alimnong'oneza. "Tutafungwa. Na baba yako atanyang'anywa mikanda yote."

Kulikuwa na saa ukutani. Njiti aliitazama. Dakika tano zikapita, kisha kumi. Nyuma ya pazia alimsikia baba yake akikoroma vibaya, yule baba ambaye hakuwahi kukoroma maishani. Aliogopa jela, akaogopa macho ya mama yake, lakini sauti ile ilimtisha kuliko vyote. Robo saa ilipotimia, aliutoa mkono wa baba mdogo begani mwake, akasimama.

"Daktari, kadi ni ya uongo. Baba hakupimwa. Na vidonge hamezi, anavitema. Ni miezi miwili sasa."

Mama alimgeukia kama aliyepigwa kofi.

"Una hakika, mtoto?" daktari aliuliza.

"Nimeviona. Viko kwenye kopo nyuma ya tangi la maji. Na kule zahanati nilidanganya mimi."

Baba mdogo akainamisha kichwa. "Ni kweli, daktari. Mkono uliopimwa ni huu wangu."

Daktari hakugomba, wala hakuwa na muda wa kugomba. Aligeuka akaita wauguzi, akataja dawa, na kitanda kikasukumwa mbio. Mama alikaa sakafuni, akalia. Njiti akakaa kando yake akalia pia, na haukupita muda mkono wa mama ukamzunguka.

Winchi hakufa. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani, akalala wiki tatu hajitambui vizuri. Alipoamka, mkono na mguu wa kulia havikumsikia tena. Mtu aliyevuta malori alifundishwa upya kushika kijiko.

Siku moja Njiti alimsimamisha daktari kwenye korido akamuuliza swali lililokuwa likimnyima raha. "Ningesema mara tulipofika, mkono wake ungepona?"

Daktari alichuchumaa. "Sijui. Huenda. Sitakudanganya, maana uongo umeshaifanya kazi yake hapa. Ninachojua ni kwamba usingesema kabisa, leo ungekuwa yatima. Na ninajua kwamba waliotakiwa kusema kabla yako ni watu wazima wawili."

Aliporudishwa nyumbani, Winchi alikataa kulazwa chumbani. Akaomba aketishwe mezani, Njiti alete karatasi na kalamu. Maneno yalimtoka polepole, moja moja, ila yalieleweka.

"Mwandikie mwenyekiti wa chama. Mimi Winchi sikupimwa. Alipimwa mdogo wangu, kwa amri yangu. Nifutieni mashindano ya mwaka huu. Na muuguzi asilaumiwe."

Njiti aliandika.

"Sasa andika: binti yangu aliulizwa akadanganya, kwa sababu nilimtuma."

Kalamu ikasimama. "Baba, hiyo tuiache."

"Iandike." Alipumzika kidogo, akameza mate. "Nisikilize, mwanangu. Watu walinipigia makofi kwa nguvu za mikono. Lakini mtu anayeficha ugonjwa wake anajichimbia kaburi, tena anawapa watoto wake jembe wamsaidie. Dawa ukipewa, meza. Ikikusumbua, rudi ukamwambie daktari, usiiteme gizani kama mimi. Na mtu mzima akikwambia ufiche jambo linaloweza kumuua mtu, usifiche, hata awe mimi, hata nikasirike vipi. Hiyo si siri, ni mzigo wake anakutwika wewe. Nimebeba mizigo maisha yangu yote, Njiti. Mzito kuliko yote nilikubebesha wewe. Unisamehe."

Njiti alifuta macho kwa kiganja, akaandika sentensi yote bila kuacha neno. Kisha akampa baba yake kalamu. Winchi aliishika kwa mkono wa kushoto, akaandika jina lake taratibu, herufi zikienda upande, huku mama akiishikilia karatasi isiteleze.