Leseni ya Mama Aliyelala

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye mabati, Mama Pacha alikuwa ameshawasha majiko mawili. Moja la maharage, moja la chai. Kibanda chake cha chakula kilikuwa na mabenchi matatu, meza mbili zenye vitambaa vya plastiki, na dirisha la kupitishia sahani. Ukutani, juu ya ndoo ya maji, ilining'inia leseni ndani ya fremu ya kioo. Leseni ilikuwa na picha ya mama mkwe wake, amekaza macho kama anayemtazama mtu aliyekula bila kulipa.

Mama mkwe ndiye aliyekianzisha kibanda. Alipika pale miaka kumi na mmoja. Sasa alikuwa na miezi minne kaburini, Mungu amlaze pema.

"Na hiyo leseni?" Mama Pacha alimwuliza mumewe siku walipofungua tena baada ya msiba.

Mumewe alikuwa fundi wa kujenga. Aliisogelea, akaisoma kwa kidole. "Tarehe yake bado. Inaisha mwisho wa mwaka. Kibanda tumeachiwa, sufuria tumeachiwa, na leseni tumeachiwa. Wewe pika, mke wangu."

Basi akapika. Lakini kila alipochota maji chini ya picha ile, aliinamisha macho. Hakujua kwa nini.

Jumatatu moja, saa saba mchana, kibanda kikiwa kimejaa, aliingia mwanamume mgeni. Alivaa shati jeupe, daftari kwapani, kitambulisho kifuani. Hakukaa. Alitazama ndoo. Alitazama sakafu. Kisha akatazama ukutani.

"Mimi ni bwana afya mpya wa eneo hili," alisema kwa upole. "Mwenye leseni hii ni nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Yuko wapi?"

Ulimi ukatangulia, akili ikabaki nyuma.

"Amelala."

Mabenchi yote yakanyamaza. Kila aliyekuwa akila pale alikwenda kumzika yule mama. Mtu mmoja alipaliwa na chai.

"Anaumwa?" aliuliza bwana afya.

"Hapana. Amechoka tu."

"Basi nitamsubiri aamke."

Akajibana kwenye benchi, akaagiza chai.

Fundi viatu, ambaye alifanya kazi yake upande wa pili wa barabara, alikuwa mtu wa mzaha hata penye msiba. Aliinamia sahani yake, akasema, "Huyo mama, mkuu, usingizi wake ni mzito. Utasubiri sana."

Hakuna aliyecheka. Mama Pacha aliosha sahani ambazo tayari zilikuwa safi. Akaziosha tena. Kichwani aliona mlango wa kibanda umefungwa kwa mnyororo, na yeye mwenyewe amesimama mbele ya hakimu, na watoto wake pacha wakiuliza mama yuko wapi.

Bwana afya alikunywa chai yake taratibu mpaka tone la mwisho. Aliandika kitu kwenye daftari. "Nitarudi Alhamisi," alisema. "Nataka nimkute macho. Nikimkosa, nitalazimika kufunga hapa."

Jioni ile chakula kilipoa kwenye sahani. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja kikubwa, na pazia la maua lililotenga kitanda.

"Kwa nini ulisema amelala?" mume aliuliza.

"Wewe ungesema nini?"

"Ningesema amesafiri."

"Na angekuuliza anarudi lini?"

Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alikuwa amekaa kwenye kigoda akimsuka nywele mmoja wa pacha. Akasema bila kuinua kichwa:

"Mimi na dada, watu walituchanganya tangu utotoni. Nileteeni kitambaa chake cha kichwa. Alhamisi nitajilaza kule kibandani, nyuma ya magunia. Bwana akija, nitaamka."

"Akikuuliza maswali je, mama mdogo?"

"Nitakohoa."

Akajifunga kitambaa, akakohoa kidogo kujaribu. Alifanana na marehemu mpaka Mama Pacha akasisimka mwili. Watoto walicheka. Yeye hakuweza.

"Hodi," ilisikika sauti nzito mlangoni. Alikuwa muuza nyama wa jirani, amebeba mifupa ya supu ya kesho. "Samahani, nimesikia yote. Ukuta wenu ni wa mbao, na mama mdogo hajui kunong'ona. Nyie watu mnataka kufungwa?"

"Leseni tunayo," alisema mume. "Tarehe yake bado haijaisha."

"Tarehe haijaisha, ndugu yangu. Aliyeisha ni mwenyewe."

Aliweka mifupa mezani, akakaa. "Leseni ya kuuza chakula hairithiwi kama sufuria. Inaandikwa kwa jina la mtu fulani, na kwa mahali fulani. Akibadilika mtu, mnaanza upya. Mkihama mahali, mnaanza upya. Mimi nilisogeza bucha yangu nyumba tatu tu kule mbele, nikadhani naendelea kama kawaida. Nilifungiwa mwezi mzima, nikawa naota nyama."

"Lakini napika kama alivyonifundisha yeye," alisema Mama Pacha. "Chakula ni kilekile."

"Chakula ni kilekile, shemeji. Mikono si ileile. Mama kabla hajapewa leseni alipimwa choo, damu na makohozi. Walitaka kujua kama ana ugonjwa wa kuwaambukiza wanaokula. Wewe umepimwa lini?"

Mama Pacha aliinuka, akaifunika mifupa.

Mama mdogo alikuwa mpenda vitendawili, hata penye hofu. "Kitendawili," alisema polepole.

"Tega," walijibu pacha kwa pamoja.

"Mgeni wangu hapigi hodi, tunakula sahani moja, na sijawahi kumwona."

"Nzi," alisema mmoja.

"Nzi anaonekana."

"Baba," alisema mwingine.

"Baba yako anaonekana hata asipotakiwa. Haya, mmeshindwa?"

"Kijidudu cha ugonjwa," alisema muuza nyama.

"Umepata."

Mama Pacha alitazama mikono yake. Tangu mchana alikuwa anamwogopa mtu mwenye daftari. Sasa aliviogopa vidole vyake mwenyewe, vyote kumi.

"Usingoje Alhamisi," alisema muuza nyama. "Mfuate wewe, umwambie ukweli. Anaweza kukufungia kwa muda, hilo lipo. Lakini akiugundua uongo mwenyewe, na mama mdogo amejificha kwenye magunia, hapo unakuwa udanganyifu. Huko mimi simo."

Mama mdogo alikifungua kitambaa kichwani, akakikunja vizuri. "Basi," alisema, "mimi nimeshaamka."

Asubuhi Mama Pacha hakuwasha jiko. Aliishusha leseni ukutani, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda nayo ofisi ya afya. Ukumbi ulikuwa na benchi moja refu na mlango mmoja uliokuwa wazi nusu. Alikaa. Mara mbili alisimama ili aondoke. Mara mbili miguu ilikataa.

Alipoingia, bwana afya alimtambua mara moja. "Mama ameamka?"

"Hataamka. Alifariki miezi minne iliyopita. Niliogopa, nikasema uongo. Leseni yake hii hapa."

Bwana afya aliweka kalamu chini. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Pole kwa msiba," alisema. "Niliona watu wote wamenyamaza. Nikajua lipo jambo, ila sikujua ni lipi."

"Utanishtaki?"

"Umekuja kwa miguu yako. Nitakuandikia onyo. Lakini kuanzia leo huwapikii watu mpaka umalize taratibu. Unajua kusoma?"

"Polepole."

"Basi tusome polepole."

Alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, huku akieleza. "Kwanza mwili wako. Unapimwa wewe, na kila anayegusa chakula, hata anayeosha vyombo tu. Kisha ninakuja kukagua kibanda. Nataka maji safi kwenye chombo chenye kifuniko na bomba, siyo ndoo ambayo kila mtu anatumbukiza kikombe. Nataka mahali pa kunawa, na sabuni. Choo kiwe karibu na kiwe safi. Pipa la taka liwe na kifuniko, na nyama mbichi ikae mbali na chakula kilichoiva."

"Na leseni yenyewe?"

"Unajaza fomu kwa jina lako. Ada unalipa pale dirishani, unapewa risiti. Usimpe mtu pesa mkononi, hata akivaa shati jeupe kama langu. Ikiisha tarehe, unarudi kupima na kuomba tena. Ukihamia mji mwingine, uliza ofisi ya huko, maana kila mahali pana utaratibu wake."

Mama Pacha akauliza swali lililomkosesha usingizi. "Wakinikuta na ugonjwa, mtaa mzima utajua?"

"Majibu ni siri yako na daktari. Mimi ninaambiwa jambo moja tu, kama unaweza kupika au bado."

Kliniki walimpa vikopo viwili, wakamtoa na damu kidogo. Haikuuma kama alivyodhani. Kilichouma ni kungoja. Kwa siku tatu alisikia kila kiungo mwilini. Akikohoa, aliona kifua kikuu. Tumbo likinguruma, aliona kaburi.

Siku ya majibu daktari, mwanamke mwenye miwani, alimfungia mlango.

"Kifua chako ni kizima," alisema. "Lakini kwenye choo tumekuta vijidudu vya homa ya matumbo."

"Mimi? Mimi siumwi, daktari. Sijalala kitandani mchana tangu nilipojifungua."

"Wako watu wa namna hiyo. Kijidudu kinakaa ndani na hakimsumbui mwenye nyumba. Akienda chooni kinatoka naye. Asiponawa vizuri kinabaki vidoleni, kinaingia kwenye chakula. Anayeugua ni mlaji. Ndiyo maana tunawapima hata wasioumwa."

Mama Pacha alimwona fundi viatu mbele ya macho yake. Mwezi uliopita wenzake wawili walimpitisha pale kibandani wamemshika mabega, macho yamezama, midomo imekauka. Alilazwa siku tisa. Homa ya matumbo, walisema.

"Ni mimi niliyempa?" aliuliza, baada ya kueleza.

"Hatuwezi kujua. Huenda aliipata kwingine. Ila kuanzia leo hutampa mtu. Utameza dawa hizi wiki nne, bila kuruka hata siku moja. Na wote mnaoishi nyumba moja waje wapimwe."

Wote walipimwa. Hawakuwa na kitu. Lakini wiki nne zile zilikuwa ndefu. Paka wa jirani alizaa juu ya jiko lililopoa. Mama mdogo aligeuka askari wa dawa, kila asubuhi alisimama na kikombe cha maji, akisema, "Fungua mdomo nione kama umemeza." Mume, kila alipotoka kazini, alijenga sinki la matofali kibandani, akapiga sakafu kwa saruji, akalifunga bomba kwenye pipa la maji. Siku moja alisema, "Ni mimi niliyekuambia upike." Mama Pacha akamjibu, "Nipe mwiko wako wa saruji nikusaidie."

Walimpima tena mara tatu baada ya dawa. Mara zote tatu hawakukuta kitu. Bwana afya akaja kukagua. Alifungua bomba. Akainama kutazama chini ya meza. Akauliza nyama itakaa wapi. Pipa la taka halikuwa na kifuniko, akakataa kutia sahihi. Mume akakimbia dukani, akarudi nacho anahema. Ndipo Mama Pacha akapewa leseni yenye jina lake na picha yake mwenyewe.

Siku ya kufungua, mteja wa kwanza alikuwa fundi viatu.

"Wali na maharage," alisema. "Na usinipunje. Nimekula mikate mikavu mpaka nimesahau ladha ya mchuzi."

Bwana afya alisema majibu ni siri yake. Angeweza kunyamaza. Aliweka upawa chini.

"Fundi, kabla sijakupakulia. Waliponipima walinikuta na vijidudu vya homa ya matumbo. Sikujua. Huenda ugonjwa wako ulitoka kwenye mikono yangu hii."

Fundi viatu hakufanya mzaha. Alitazama meza. Mama Pacha alijua kwamba akiinuka na kuondoka, kufikia jioni mtaa mzima utakuwa umesikia. Hapo hakuna leseni itakayomrudishia mtu hata mmoja.

"Siku tisa," alisema fundi mwishowe. "Niliona ukuta wa wodi unatembea."

"Najua. Nisamehe."

"Na sasa?"

"Nimemeza dawa zote. Wamenipima mara tatu, hawakukuta kitu. Karatasi ninazo."

"Karatasi baadaye. Chakula hicho ungewapa watoto wako?"

"Wamekula kabla hawajaenda shule."

Fundi alishusha pumzi. Akachukua sahani tupu, akaiweka dirishani. "Basi pakua."

"Subiri ninawe kwanza."

Alikwenda kwenye sinki, akafungua bomba. Alisugua viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha. Hofu ilikuwa haijaondoka. Alisugua nayo. Alipogeuka kutafuta kitambaa, alimkuta fundi viatu amesimama nyuma yake, amenyoosha mikono yake yenye gundi na rangi nyeusi, anangoja zamu yake ya sabuni.