Sekunde Moja na Nusu

Siku hiyo watu elfu tatu walivaa nyekundu, mmoja akavaa bluu, na huyo mmoja alikuwa amesimama mbele ya mlango usiomhusu.

“Kaka, huu ni mlango wa waamuzi,” sauti ilisema nyuma yake.

“Najua. Nataka niwaone kabla hawajapofuka.”

“Wakipofuka waje kwangu. Nauza miwani.”

Aligeuka. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye shati la kijivu lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe, suruali nyeusi, nywele zimebanwa nyuma, na kwapani kashika faili la plastiki. Umati ulikuwa unasukumana kuelekea mageti ya ukumbi wa mpira wa kikapu, mavuvuzela yanalia, jasho na marashi vimechanganyika hewani, na wapita njia kila mmoja alikuwa na neno kwa yule wa bluu. “Mgeni, umepotea!” “Mgeni, rudi kwenu!” Alitabasamu kama mtu aliyezoea.

“Miwani unauza kweli, au unanitania?”

“Kweli. Napima macho, siku za kazi. Mwisho wa wiki naandika pointi pale mezani, kando ya uwanja.”

“Kumbe wewe ni wao!”

“Mtu wa mezani hana timu, kaka. Wala hapigi makofi.”

“Hata moyoni?”

“Moyoni hakuna mwamuzi,” alisema, akapita mlangoni, akamwacha amesimama na tiketi yake mkononi. Basi hivyo ndivyo walivyoanza. Yeye akawa Miwani, na yule kijana akabaki na jina alilopewa na umati, Mgeni.

Mgeni alikuwa fundi wa lifti. Kazi hiyo ilimleta mji huu miaka mitatu iliyopita, na kazi hiyo ndiyo iliyomnyima watu. Siku nzima alikuwa ndani ya shimo la jengo fulani, taa kichwani, grisi mpaka viwikoni, na binadamu aliowaona ni viatu vyao tu vikipita kwenye upenyo wa mlango. Jioni alirudi kwenye chumba ambacho majirani hawakujua hata sauti yake. Shati la bluu la timu ya kwao lilikuwa ndugu yake wa pekee hapa. Timu hiyo haikuwa imechukua kombe kwa miaka kumi na tisa, lakini ndugu hachaguliwi.

Na Miwani? Alikuwa na chumba kimoja, redio moja, na kikombe kimoja kilichovunjika sikio. Miaka minane alikaa katikati ya kelele za watu elfu tatu bila kufungua mdomo. Ukimwuliza angekwambia hana shida, ana meza yake. Nami nakwambia mtu anayejisifia meza ana upweke wa kutosha.

Kwa miezi miwili simu zao zilikuwa za mchana. Mgeni alipiga akiwa juu ya paa la lifti, sauti yake ikirudi mara mbili kwa mwangwi.

“Miwani wangu, umekula?”

“Nimekula. Uko ghorofa ya ngapi leo?”

“Kati ya ya nne na ya tano. Sipo popote.”

“Hapo hapo pako sawa. Usianguke, sitaki kulia kazini.”

“Ungelia?”

“Kidogo. Nusu saa hivi.”

Kila mechi Mgeni alikuja, hata timu yake isipocheza, akakaa safu ya saba, viti viwili kila upande vikiwa vitupu kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa karibu na bluu. Alikuwa na tabia moja iliyomchekesha Miwani: sekunde za mwisho zikifika, mechi ikiwa imebana, alijifunika macho kwa viganja vyote viwili.

“Unalipa kiingilio halafu unafumba macho!” alimtania.

“Moyo wangu hauna bima, mpenzi.”

Ndipo mchujo ukafika, na fainali ikawa kati ya Wekundu wa mji huu na Bluu wa mji wa kina Mgeni. Mechi tano, atakayeshinda tatu anachukua kombe. Bluu walikuwa na mbili kwa moja, na mechi ya nne ikachezwa hapa, Jumamosi alasiri, ukumbi umefurika mpaka ngazini.

Asubuhi hiyo mzee anayeshika saa ya mchezo alishikwa na jino. Kiongozi wa meza akamwambia Miwani asogee kiti kimoja: leo aandike mwingine, yeye ashike saa. Kutoka safu ya saba usingejua. Mbao za matangazo ziliificha mikono yote, na vichwa vitano vyenye mashati ya kijivu vilibaki vitano.

Zilibaki sekunde moja na nusu. Bluu wako mbele kwa pointi moja, Wekundu wanarusha mpira kutoka pembeni. Sheria ni nyepesi hata mtoto anaijua: mchezaji akiugusa mpira uwanjani, mshika saa anabonyeza kitufe, saa inaanza kwenda. Kidole cha Miwani kilikuwa juu ya kitufe. Na katika pumzi ile, baada ya miaka minane ya kutazama kilichomhusu, aliinua macho aone kama Mgeni amejifunika uso.

Alikuwa amejifunika.

Aliporudisha macho, mchezaji alikuwa ameshadaka, ameshageuka, ameshadunda mpira mara moja. Akabonyeza. Mchezaji akadunda tena, akaruka, akarusha. Mpira ukaingia, king'ora kikalia, ukumbi ukapasuka. Mbili kwa mbili. Nahodha wa Bluu alisaini karatasi ya mechi huku analia, bila kuandika malalamiko, na Miwani akamtazama akisaini.

Kesho yake asubuhi alikuwa ameshika kikombe chake cha chai, redio inabishana.

“Uwanja wa nyumbani ni pointi sita kabla filimbi haijalia!” msikilizaji mmoja alisema.

“Acha visingizio! Kelele hazifungi kikapu.”

“Kelele hazifungi, lakini mwamuzi ana masikio!”

Kisha ikaja sauti anayoijua. “Mimi ni wa bluu, naishi mji huu. Waamuzi nawasamehe. Ila aliyeshika saa jana ni mwizi. Mchezaji kadunda mara mbili, nimeiona kwenye marudio, saa imelala! Namwuliza, ana uso gani wa kuamka leo na kunywa chai?”

Miwani alikiweka kikombe chini. Baada ya dakika chache simu ikaita.

“Umenisikia redioni?”

“Nimekusikia.”

“Wewe ulikaa naye bega kwa bega. Niambie ukweli, mpenzi. Alihongwa?”

“Hakuhongwa.”

“Unajuaje?”

Hapo ndipo angesema. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likarudi. “Mambo ya mezani hayasemwi nje.”

“Hata kwangu?” Miwani akazima redio. “Haya. Kumbe uliponiambia huna timu ulinidanganya. Na wewe ni wa nyumbani kama wao. Humu mjini nilikuwa na mtu mmoja, nikadhani ninaye.”

Akakata. Miwani alibaki na simu sikioni.

Dada yake mkubwa, aliyeishi mbali, alimpigia jioni akasikia yote. “Nyamaza, mdogo wangu. Nani alikuona? Funika kombe mwanaharamu apite. Ukisema, meza wanakunyang'anya, na huyo kijana anakuchukia kwa haki. Utabaki na nini?”

“Sijui, dada.”

“Basi kama hujui, nyamaza.”

Jumatano kamati ya ligi ikamwita. Watu watatu, meza ndefu, feni inayolia. Mwenyekiti, baba wa watu mwenye sauti ya taratibu, alimfungulia mlango kabisa. “Mashine hizi zimezeeka, sivyo? Huwa zinakwama?”

Neno moja tu lilihitajika. Ndiyo. Angerudi Jumamosi na shati lake la pasi, kiti chake, kelele zake.

“Mashine ni nzima,” Miwani alisema. “Mimi ndiye niliyechelewa.”

“Kwa nini?”

“Niliinua macho jukwaani.”

“Kutazama nini?”

“Mtu.”

Katibu aliacha kuandika, akamtazama, kisha akaandika. Matokeo hayakubadilika, kwa kuwa nahodha alisaini bila kulalamika. Ukweli wake haukuwapa Bluu hata pointi moja. Yeye aliambiwa hatakaa tena mezani. Akalirudisha shati la akiba, limekunjwa, akashuka ngazi kwa miguu ingawa lifti ilikuwepo.

Alhamisi Mgeni alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, ubishi umepamba moto, redio iliposoma taarifa ya kamati. Kibanda kizima kikacheka.

“Eti alikuwa anamtazama mtu!”

“Ni mwanamke. Huwa anaandika pointi, siku hiyo kapewa saa.”

“Alikuwa anamtazama nani basi?” kinyozi aliuliza. “Jukwaa zima wamesimama, wote wamevaa nyekundu, utamwona nani hapo?”

Mgeni alivua kitambaa shingoni. Kinyozi alimwita, lakini alikuwa ameshafika barabarani na kichwa chake cha nusu, anakimbia.

Alimkuta dukani, peke yake, akifuta lenzi moja ile ile. Miwani alimwona kupitia kioo na hakucheka, ingawa kichwa kile kilistahili.

“Ni mimi,” Mgeni alisema mlangoni. “Uliyekuwa unamtazama.”

“Ni wewe.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ulishaniita mwizi mbele ya mji mzima. Nikuongezee nini?” Akaiweka lenzi chini. “Uliuliza nina uso gani wa kunywa chai. Sijanywa chai tangu Jumapili, Mgeni.”

“Nisamehe. Sikujua ni wewe.”

“Na angekuwa mzee wa watu mwenye jino, ingekuwa sawa?”

Mgeni aliinamisha kichwa chake cha nusu, na kwa heshima yake hakutafuta jibu la uongo.

“Nenda kwenu kaangalie mpira wako,” Miwani alisema. “Umeusubiri miaka kumi na tisa. Niache kidogo.”

Akaenda. Mechi ya tano ilikuwa kwao, na hakuna mtu wa bluu ambaye angeikosa.

Jumamosi mchana ilikuwa saa ambayo Miwani, kwa miaka minane, hupiga pasi shati la kijivu. Alikaa kitandani, mikono haina kazi. Redio hakuifungua. Mtaani watoto walicheza, mtu akaburuta kiti, jirani akacheka na mwenzake nyuma ya ukuta. Alisikia upweke kama unavyosikia njaa, na hakujidanganya kuwa ni kitu kingine.

Simu ikaita. Nyuma ya sauti ya Mgeni kulikuwa na ngurumo ya watu.

“Usikate, nakuomba. Zimebaki sekunde tisa. Tuko nyuma kwa pointi moja, mpira wetu.”

“Na umefumba macho.”

“Sijafumba.”

“Uko na nani?”

“Kaka zangu wawili, mjomba, na watu elfu nne wenye shati kama langu. Nilidhani nikifika hapa nitajisikia nyumbani. Kila mtu anakubaliana na mimi, Miwani. Sina hata wa kubishana naye. Kaka ananikumbatia, mimi nawaza ile safu ya saba.”

“Tazama mpira, Mgeni.”

“Wanarusha.”

Kelele ilipanda, ikavunjika, simu ikawa vumbi la sauti. King'ora. Miwani alisimama bila kujua amesimama.

“Nani kashinda? Mgeni! Nani kashinda?”

“Sijui.”

“Hujui vipi, na uko hapo?”

“Nilikuwa namtazama anayeshika saa.” Alikuwa anapiga kelele ili asikike, na sauti yake ilikuwa inakatika. “Ni mama mtu mzima, ana shati la kijivu kama lako. Nikawa natazama kichwa chake, nikawa nawaza ulivyokaa pale. Mpira umerushwa, sikuuona. Miaka kumi na tisa, Miwani, na sikuuona.”

Machozi yalimtoka Miwani, na kicheko kikaja juu yake bila kuomba ruhusa. “Sasa unajua,” alisema.

“Sasa najua.”

“Muulize kaka yako nani kashinda.”

Alisikia akiuliza, akasikia mtu akimjibu kwa mshangao na tusi dogo la kindugu.

“Tumeshinda,” Mgeni alisema, kama mtu anayesoma habari za watu wengine. “Jumatatu nikija dukani, utanifungulia?”

Miwani alitazama kikombe chake kisicho na sikio, peke yake juu ya kabati.

“Duka linafunguliwa saa mbili,” alisema. “Wewe njoo saa moja na nusu. Pitia sokoni kwanza, ununue kikombe. Mimi ninacho kimoja tu.”