Mteremko Unaojiponya

Tandu, roboti mkaguzi wa njia, alishuka mteremko wa Ngofi mvua ikiwa bado inanyesha, miguu yake ya chuma ikipokezana bila haraka. Alikuwa na urefu wa mtu mzima aliyelala. Kila alipokanyaga aligonga udongo kidogo, akasikiliza mwangwi, maana udongo uliolegea haujibu sawa na ulioshikana. Kwa mwangwi huo akili mnemba yake ilijua afya ya njia, ikaipa daraja, na daraja likafika papo hapo kwenye vikuku vya wasafiri wote wa Njia Ndefu, ile inayotoka Usambara, ikapanda na kushuka Upare, hadi chini ya Kilimanjaro. Kikuku kikiwaka kijani, unapita. Kikiwaka chekundu, unarudi ulikotoka, hata kama unawahi harusi.

Asubuhi hiyo Ngofi ilikuwa kijani.

Mhandisi Nakiete Mchomvu alilisoma daraja hilo akiwa kituoni, ng'ambo ya bonde, akaridhika. Yeye ndiye aliyemfundisha tandu kufikiri. Alizaliwa kwenye milima hiyo hiyo, na sifa zote alizokuwa nazo mjini alizipata kwa mteremko huu mmoja. Vipimo vya miaka mingi vilionyesha jambo la ajabu: kila masika Ngofi ilijeruhiwa, na kila masika yalipokwisha ikapona, wala hakuna mtambo wa Mamlaka ya Njia uliowahi kuigusa. Nakiete akatangaza kwamba iko miteremko inayojiponya. Wakubwa wakapiga makofi, tandu akafundishwa hivyo: Ngofi ikilegea, ahesabu kwamba itapona yenyewe. Kisha, ili vipimo visichafuliwe, wanakijiji wakapigwa marufuku kugusa njia kwa jembe, na aliyeitia sahihi amri hiyo ni Nakiete. Wenyeji waliisikia, wakatazamana, wakaitii. Wana adabu mno watu wa kule, na safari hii adabu yao iliwaponza.

Shangazi yake Nakiete, Nambike, alikuwa amemletea makande, na alikuwa ameketi dirishani akimpakulia wakati redio ya kituo ilipoita. Aliyeita alikuwa Mbazi, kaka wa marehemu mama yake, mwongoza wasafiri. Huyo ndiye aliyemlea Nakiete na kumsomesha.

"Nakiete, mwanangu, tumefika Ngofi. Maji yanapita katikati ya njia, tena mekundu. Wageni wangu wamechoka. Tupite au turudi?"

"Tandu ametoka kupita hapo, mjomba. Piteni tu, pako imara."

"Haya. Ukisema wewe, tunapita."

Nambike aliweka upawa chini. "Mifereji ya Ngofi imezibuliwa na nani safari hii?"

"Mifereji gani, shangazi?"

"Ile ya juu ya njia, inayochepusha maji. Si masika yakiisha ilikuwa inapigwa pembe, tunakwenda msaragambo, kijiji kizima, tunazibua na kupanga mawe upya? Wewe mwenyewe umebeba mawe pale, ukiwa mtoto, hata meno ya mbele huna. Tangu ile amri yenu hatujakanyaga."

Nakiete aligeukia dirisha, upande wa Ngofi. Aliyakumbuka mawe, na ubaridi wake kichwani, na uji ulionywewa kwa zamu kazi ilipokwisha. Hakuwa amesahau hata kimoja. Ila hakuwahi kuyafikiria mbele ya vipimo vyake, kwa sababu kwao msaragambo haukuhesabiwa kuwa kazi. Ulikuwa kama kufagia uwanja wa nyumbani. Nani huwatangazia watu kwamba leo amefagia uwanja?

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie nini, mwanangu? Ulikuwepo."

Akaikamata redio kwa mikono miwili. "Mjomba, rudini. Rudini sasa hivi."

"Tumeshafika katikati, mama. Mbona kikuku bado kijani?"

Alikuwa anafungua kinywa amjibu, mlima ukaunguruma. Zikasikika sauti za watu, kisha redio ikawa kimya. Kwenye ramani ya ukutani, alama ya Ngofi iliendelea kuwaka kijani.

Pembe ilipigwa siku hiyohiyo, kwa mara ya kwanza tangu amri itolewe, na hakuna aliyeuliza ruhusa. Watu walitoka kila ukingo wa mlima na majembe yao. Wakachimba mvuani, wanaume kwa wanawake. Wageni walipatikana kwanza, mmoja mmoja, hakuna aliyekuwa hai. Mbazi alipatikana mwisho, mkono mmoja umeinuliwa usoni, kikuku kimejaa matope. Nakiete alikisafisha kwa kidole, na alipoona rangi yake alilia kwa sauti, bila kujali nani anamtazama.

Maiti zilipoteremshwa, watu hawakuondoka. Bila kuambiwa na mtu walipanda juu ya njia wakaanza kuzibua mifereji, wakipokezana mawe kwa mstari, kimya, kama watu wasiojua namna nyingine ya kuomboleza.

Ndipo tandu akatokea. Zamu yake ilikuwa imefika. Alitambaa juu ya tope jipya, akapita katikati ya miguu ya watu, akigonga na kusikiliza. Kijana mmoja aliinua jembe amponde, wenzake wakamshika. Tandu akapita, wala hakugeuka. Alifundishwa kusikiliza udongo tu. Watu hawakuwemo katika mafunzo yake.

Kikuku cha Nakiete kikatetemeka. Alikisoma, akakisoma tena.

"Kinasemaje hicho kidude?" Nambike aliuliza.

"Kinasema mteremko umejeruhiwa." Alikigeuza amwonyeshe. "Na kwamba umeanza kujiponya."

Nambike aliwatazama majirani zake, walivyolowa, walivyopinda migongo. Akamkabidhi Nakiete jembe.