Habari Niliyoisoma Vizuri

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, nilikaa mbele ya televisheni na daftari langu la habari. Tuliishi ughaibuni, katika mtaa wa Weston, ghorofa ya tisa, katika jengo la zamani ambalo lifti yake ilifanya kazi ilipojisikia. Kanisa letu la Wakongo na Warundi lilikuwa na desturi moja: kabla ya maombi ya mataifa, mtoto mmoja alisimama na kusoma habari za dunia kwa Kiswahili, ili watu wazima wajue wanawaombea akina nani. Wenzangu wengi waliulizwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza. Mimi Kiswahili kilinitoka bila kukwama, basi kazi ikaniangukia, na kichwa kikavimba.

Habari zangu zote nilizitoa kwenye stesheni moja. Watangazaji wake walikuwa nadhifu, na kila mara waliuliza, "Ni nini ambacho wengine hawataki ujue?" Nililipenda swali hilo. Lilinifanya nijione mjanja kuliko walimu wangu. Mama, ambaye jina lake ni Goretti, alisikiliza huku akikunja nguo. Baba yangu, Bonaventure, hakusikiliza hata siku moja. Mtangazaji akianza tu, Baba alikwenda jikoni akafungua bomba la maji, hata kama hapakuwa na cha kuosha. Nilidhani hapendi siasa.

Julai 2014, ndege ya abiria iliangushwa mashariki mwa Ukraine, kulikokuwa na vita. Walikufa watu karibu mia tatu, themanini kati yao wakiwa watoto. Televisheni ilionyesha shamba la alizeti, na katikati ya alizeti, mdoli wa kitambaa amelala chali. Picha ile ilinifuata. Niliiona nikipiga mswaki, niliiona nikifunga viatu. Nilitaka sana kumjua mwenye kosa, na stesheni yangu haikuchelewa kunipa. Ndege ya kivita ya Ukraine ilikuwa karibu pale, walisema wataalamu wao mmoja baada ya mwingine.

Jumapili nikasimama kanisani na kusoma: "Waukraine wameangusha ndege iliyojaa watoto." Sikuweka "inasemekana." Niliona ingeharibu mdundo wa sentensi yangu. Tantine Thacienne, shangazi wa kanisa zima, aliyempoteza mwanawe vitani huko Kongo, akalia kwa sauti.

Katika ghorofa yetu waliishi rafiki yangu Lesia na mama yake, Waukraine. Mama Lesia alifanya kazi pamoja na Mama na Tantine Thacienne katika nyumba ya kutunzia wazee, na kila asubuhi aliwachukua wote kwa gari lake. Jumatatu ile Tantine aliufungua mlango wa gari, akaufunga tena.

"Mimi sipandi motokari ya watu wanaoua watoto," alimwambia Mama, kisha akayarudia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga ili na mwenye gari asikie. Akaenda kungoja basi. Siku iliyofuata wanawake wawili wa kanisani, waliozoea kupanda naye, wakamfuata Tantine. Jumatano Mama Lesia hakugonga tena mlango wetu.

Alhamisi nilimkuta Lesia chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo. Mashine zilikuwa zinazunguka, lakini yeye alikuwa ameketi sakafuni na simu mkononi.

"Mama yangu mdogo anaishi kule kwenye vita," alisema bila kunitazama. "Wiki nzima hapokei simu. Na huku watu wa kanisa lenu wanamwita mama yangu muuaji. Nani amewaambia?"

Niligeuza uso, nikaitazama mashine ikizunguka.

"Ni wewe?"

"Nilisikia kwenye televisheni," nikasema, nikaitaja stesheni.

"Ariane, hiyo ni ya serikali ya Urusi. Serikali hiyo inawasaidia waasi wanaopigana kule. Ulidhani itajisema yenyewe?"

Nilipanda ghorofa zote tisa kwa ngazi nikilia. Nyumbani nikafungua daftari. Ijumaa nilikuwa nimeandika: ndege ya kivita ya Ukraine. Jumatatu: pengine kombora la Ukraine. Jumatano: huenda ukweli hautajulikana kamwe. Na kila siku sauti ilikuwa na uhakika uleule, wala hakuna aliyesema, "Jana tulikosea." Neno moja tu halikubadilika: Urusi haikuhusika. Walinifundisha kumshuku kila mtu isipokuwa wao.

Nilimweleza Baba yote. "Lakini nitanyamaza," nikamalizia. "Watu watasahau."

Baba alikaa kwenye kiti cha jikoni.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili," alisema. "Nilikuwa mtangazaji wa redio kule kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika. Siku moja mkubwa mmoja akaniletea karatasi: kijiji cha ng'ambo ya mto kinaficha silaha. Sikuuliza imetoka wapi. Nilikuwa na sauti nzuri, mwanangu, na niliisoma vizuri. Kabla ya wiki kwisha, kijiji kilikuwa majivu."

"Silaha zilikuwepo?"

"Majembe."

Aliinuka akafungua bomba la maji, akalifunga tena.

"Nikimsikia mtangazaji yeyote," akaendelea, "naisikia sauti yangu mwenyewe. Ndiyo maana nafungua maji. Wewe unayo Jumapili ya pili, Ariane. Mimi sikuipata."

Jumapili iliyofuata nilisimama tena mbele ya kanisa. Nilisema: "Wiki iliyopita niliwaambia ni nani aliyeangusha ndege. Sikujua. Nilichukua habari kwa upande mmoja wa vita nikaileta hapa kama kweli. Nilimwumiza jirani yetu. Naomba mnisamehe." Miaka michache baadaye wachunguzi wa kimataifa walieleza kwamba kombora lilitoka kwa jeshi la Urusi, lakini siku hiyo sikuwa na jibu jipya la kuwapa watu. Nilikuwa na kosa langu tu.

Tantine Thacienne hakungoja chai ya baada ya ibada. Alikwenda moja kwa moja kwetu ghorofa ya tisa, akagonga mlango wa Mama Lesia, nasi tukiwa nyuma yake. Mlango ulifunguliwa nusu.

"Pardon, dada yangu," alisema Tantine. "Nilisikia, sikuuliza."

Mama Lesia akamfungulia mlango wote. Dada yake wa kule vitani alikuwa bado hajapokea simu. Tantine akaketi naye kungoja, kwa sababu kungoja simu ya vitani alikujua. Lesia akanisogezea kiti.

Jioni nilimwuliza Baba, "Watu wa kile kijiji, ungewaomba radhi, wangekusamehe?"

"Nilirudi kuwaomba," alisema. "Hapakuwa na mtu wa kumwomba." Kisha akanishika bega. "Habari ikija kwako, mwanangu, uliza nani ameileta, na anafaidika nini ukiiamini. Uliza kabla hujaisema, wakati bado kuna watu wa kukujibu."