Mkwe Aliyekunywa Mtindi wa Ndama

"Amekunywa wote?"

"Jagi limekauka," Nkuba alisema. "Baba kausifia. Kasema Mbeya kumbe mnajua kugandisha."

Tupokigwe akakaa juu ya kuni. 

"Ulikuwa wapi usimzuie?" Nkuba aliuliza.

"Hapa hapa jikoni. Nilimwona dirishani akiinua jagi."

"Ukanyamaza?"

"Nkuba, mimi Mnyakyusa. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, wala haingii nyumba alimo. Nilijificha kama nilivyofundishwa."

"Sisi Wasukuma hatuna mwiko huo."

"Ninao mimi."

Mtindi ule ulikuwa wa ndama wa kituo cha mifugo, alikofanya kazi Tupokigwe. Bakteria wanaougandisha walipakwa rangi, ambayo chini ya darubini yenye taa maalumu huwaka kijani. Ndama akinywa, kinyesi chake hupimwa, ijulikane bakteria wamesafiri vipi tumboni. Baridi ya Juni ilimfanya Tupokigwe aulete nyumbani ugande karibu na jiko. Uliposhika, akauweka mezani. Mzee Malimi, baba yake Nkuba, alikuwa ametoka Usangu kuja kumtazama binti kabla ya posa. Mfugaji akikuta maziwa mezani haulizi ya nani.

Tupokigwe alikimbilia simu ya kituo. Nusu saa ilipita kabla ya kumpata mtaalamu, Ndugu Lutengano, aliyekuwa mkutanoni Iringa.

"Kanywa mtu?" Sauti ilikwaruza. "Mtu gani?"

"Baba mkwe wangu."

"Rangi ile naijua kwa ndama. Kwa mtu siijui."

"Atakufa?"

"Nimekwambia siijui. Mpelekeni hospitali. Halafu pima kila choo chake. Rangi ikitoka yote, tushukuru."

"Ndugu Lutengano, huyo siruhusiwi hata kumtazama."

"Basi tazama kinyesi chake."

Simu ikakatika.

Aliporudi, Nkuba alimzuia uani.

"Usimwambie. Atasema umemwekea dawa. Ndoa imekufa hapo hapo."

"Na akifa yeye?"



Tupokigwe akaingia. Mzee alikuwa amekaa, mkono tumboni. 

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kumbe upo. Nilidhani mwanangu kachumbia kivuli."

"Baba, mtindi uliokunywa ulikuwa wa ndama. Una rangi ya maabara. Nilikuona ukinywa, nikajificha."

Mzee akauondoa mkono tumboni polepole, kama aliyeshika kitu cha mwenzake.

"Ni sumu?"

"Hatujui. Twende hospitali. Na... naomba niwe napima choo chako, baba, mpaka rangi iishe."

Mlangoni, Nkuba alifumba macho.

"Unajua unamwomba nani, binti?"

"Najua, na natetemeka. Lakini kukuzika naogopa zaidi."

Hospitali hawakuona ugonjwa, wakasema asubiriwe. Mzee akasusa kuongea. Kila asubuhi aliacha kopo nyuma ya choo, limefunikwa jani la mgomba, na Tupokigwe akalibeba hadi kituoni akiomba Mungu njia nzima.

Siku ya kwanza darubini ilionyesha giza. Rangi ilikuwa bado ndani. Mzee akikohoa tu, binti aliacha sufuria na kusikiliza. Siku ya pili vijidoa vya kijani vilijaa kama siafu. Ya tatu vikapungua. Ya nne na ya tano, giza tena, na mzee alikuwa akimaliza ugali na kuomba mwingine.

"Imepita," Lutengano alisema kwenye simu. "Mwambie mzee alale usingizi."

Tupokigwe alimkuta akifunga mzigo, Nkuba kando yake. Alidhani mzee anaondoka bila posa.

"Imetoka yote, baba."

"Na hao wadudu?"

"Wengi walitoka wazima."

"Wamekula vizuri hao." Hakucheka. Akamgeukia mwanawe. "Siku ile uani nilikusikia. Wewe ulikuwa tayari nife na heshima yangu. Huyu kaivunja, nami nimemwona ni mtu wa namna gani. Beba mzigo huu. Unanipeleka kwa baba yake nikapose."

Tupokigwe akapiga magoti, akashukuru.

"Twende wote, mkamwana," mzee akasema. "Huko kwenu wakinipa kitu, wewe onja kwanza."