Mzee Halo wa Kitanda cha Tisa

Wodi ile ilikuwa na vitanda vinane, na skrini kubwa iliyokaa juu ya meza ya wauguzi ilikuwa na mistari minane, kila mstari ukichora mapigo ya moyo wa mtu mmoja. Jumatatu hiyo, saa nane mchana, Sista alipoinua macho kutoka kwenye daftari la zamu aliona mistari tisa. Wa tisa ulikuwa chini kabisa, hauna jina, umenyooka. Akapepesa macho, akahesabu tena kwa kidole. Minane. Akajicheka, akasingizia uchovu, akaendelea kuandika.

Laiti angeinuka hapo hapo. Lakini nani anainuka saa nane? Hiyo ndiyo saa ya kupokezana zamu. Wa asubuhi roho zao zimeshafika nyumbani, wa mchana ndiyo kwanza wanafunga vifungo vya sare, na wodi nzima inaachiwa skrini. Sista, mkuu wa wodi kwa mwaka wa kumi na moja, ndiye aliyeuanzisha utaratibu huo. Mashine ya kila kitanda imeungwa kwa waya na meza, moyo ukiyumba king'ora kinalia pale pale mezani, sasa ya nini kuchosha miguu? Na safari hii aliiamini skrini kuliko alivyomwamini mtu yeyote, kwa sababu kitanda cha tatu alilala mama yake mzazi, siku ya nne tangu afanyiwe upasuaji wa moyo.

Jumanne saa nane skrini iliganda. Mistari yote ilisimama tuli, king'ora hakikulia, na harufu ya dawa ya kuchua, ile kali ya kuwasha macho, ikapita mezani kama vile kuna mtu amepita nayo mwilini. Baada ya dakika nne kila kitu kikarudi. Jumatano ikawa dakika saba. Alhamisi asubuhi Sista akamwita fundi wa mtandao wa hospitali, ambaye alikuwa mdogo wa mumewe, na kwa ushemeji huo hawakuwahi kuonana bila kutaniana.

"Umekuja mikono mitupu, Shem, kama kawaida yako."

"Nimeleta akili, Shem. Nasikia huku imewaishia."

Utani uliishia hapo. Saa nane ilipofika Fundi alikuwa ameshachomeka kompyuta yake kwenye mtandao wa wodi, akaona kinachoigandisha skrini. Alimweleza shemejiye taratibu, kwa sauti ya chini ili wagonjwa wasisikie. Mashine inaiita meza, meza inaitikia, ndipo habari ya mgonjwa inapopita. Sasa kuna mwitaji mmoja anayeiita meza maelfu ya mara kwa sekunde. Hana habari yoyote ya kutoa, anaita tu. Meza haijui kuchagua, inamwitikia kila mara, na kwa kumwitikia yeye haiwasikii wengine. Alisema ni mbinu ya wahalifu wa mitandao, wanaibebesha mashine wito mpaka inazidiwa. Mgonjwa akibadilika dakika hizo, hakuna atakayejua.

Sista alitupa jicho kitanda cha tatu, akauliza ni nani anayeita.

"Anwani inasema kitanda cha tisa," alinong'ona Fundi. "Na nyinyi hamna kitanda cha tisa."

Hapana, hawakuwa nacho. Lakini miezi mitatu nyuma walikuwa nacho, kitanda cha dharura kilichobanwa kwenye pembe ambayo sasa ina kabati la mashuka. Alilala humo mzee aliyekuwa opereta wa simu wa posta, enzi zile simu zinaunganishwa kwa mkono, na uzee ulipomchanganya akili alirudi kazini kwake. Kutwa anaita, "Halo? Upo?", anasubiri kidogo, anaita tena. Alikuwa amepakwa dawa ya kuchua kuanzia shingoni hadi nyayoni. Wauguzi walimbandika jina la Mzee Halo, na siku za mwanzo walimwitikia huku wakicheka. Kisha akamchosha kila mtu. Siku moja, saa nane, Sista aliyekuwa na daftari lake la zamu mkononi alikitoa kitufe cha kuitia muuguzi katika kiganja cha mzee, halafu akainyamazisha na mashine yake, apate robo saa tu ya kuandika kwa utulivu. Aliporudi mzee alikuwa ameshapoa, mdomo wazi, kama mtu aliyekatiwa simu katikati ya maneno. Sista alichomoa waya haraka haraka, akaisukuma mashine stoo bila kulifunga jalada la mgonjwa lililokuwa ndani yake, na kwenye ripoti akaandika kwamba mzee alifariki usingizini. Hakumwambia mtu, hata mumewe.

Hata sasa hakusema. Alimpeleka Fundi stoo, wakaikuta mashine imejaa vumbi, waya wake umeviringishwa kwenye nguzo, betri ilishatolewa zamani ikapewa mashine nyingine. Fundi alicheka kicheko kikavu. Basi kuna mhalifu huko nje anajifanya kuwa mashine hii, alisema, ni mambo ya kawaida. Alifanya kazi mpaka jioni. Mashine za wagonjwa akazitenga na kompyuta za ofisi, kila upande na njia yake. Akaweka kipimo cha wito, kwamba atakayekizidi anafungiwa nje, na anwani ya tisa akaipiga kufuli kabisa.

"Sasa hata awe jini," alisema akikunja nyaya zake, "atabisha mpaka achoke."



Ijumaa saa nane walikaa wote wawili mezani. Mistari minane ilikwenda vizuri, kitanda cha tatu mapigo sabini na mbili, na Sista akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi. Kisha ile harufu ikaja, safari hii haikupita, ilisimama nyuma ya kiti chake.

"Shem," Fundi alisema polepole. "Amejigawa. Haiti tena kutoka cha tisa. Anaita kutoka vitanda vyote vinane, kila kimoja kidogo kidogo, hakuna kinachozidi kipimo. Sina wa kumfungia."

Kipaza sauti kidogo cha king'ora, ambacho tangu kifungwe hakijawahi kutoa kitu zaidi ya mlio, kikakoroma, na ndani ya mkoromo huo, kwa mbali, kwa upole wa mtu aliyezoea kusubiri, kikasema "halo", na Sista aliyekuwa amekodolea macho ile sabini na mbili ya mama yake akagundua kwamba haijabadilika hata kwa pigo moja tangu wakae, wakati hakuna moyo duniani unaotulia kwenye namba moja muda wote huo, na kabla hajajua amesimama alikuwa anakimbia katikati ya vitanda huku viatu vinamtoka, na kila mashine aliyoipita ilikuwa inauliza kwa sauti ile ile kama yupo, yupo, yupo, mpaka akalifikia shuka la kitanda cha tatu na kumkuta mama yake amegeuka rangi ya majivu, jasho linamtiririka, vidole vinapapasa hewa.

Walipigana na kifo dakika ishirini, Sista, daktari na kila mwenye mikono. Mama akarudi. Alipopata nguvu ya kufungua kinywa alimshika bintiye kiganja.

"Yule mzee wa pale kabatini anakuita tangu juzi, mwanangu," alisema. "Mbona humwitikii?"

Sista alikwenda stoo peke yake, akajifungia. Mashine ilikuwa inawaka. Bila waya, bila betri, ilionyesha jina la mzee, umri wake, na maneno yaliyosema mgonjwa hajaruhusiwa.

"Nipo, mzee," alisema Sista, na kilio kikampanda. "Nipo. Nisamehe."

Akabonyeza mahali pa kufunga jalada. Mashine ikauliza mgonjwa anakwenda wapi, ikampa majibu matatu: nyumbani, wodi nyingine, amefariki. Kidole chake kikaelea juu ya lile la tatu. Nyuma ya shingo yake kulikuwa na pumzi yenye dawa ya kuchua, pumzi ya mtu aliyengoja jibu miezi mitatu, na Sista hakuwa na ujasiri wa kumwambia, ana kwa ana, kwamba amekufa na ni nani aliyemwacha afe. Aliona haya, na alimwonea huruma. Akabonyeza nyumbani.

Mashine ikazimika na harufu ikaondoka papo hapo.

Wiki mbili zikapita bila skrini kuganda. Fundi alijitangaza shujaa, akadai kuwa ni kufuli lake lililofanya kazi kwa kuchelewa, na shemejiye alimwachia sifa zote. Yeye alibadilisha utaratibu. Saa nane ikifika daftari linafungwa, kila muuguzi anakwenda kwa miguu kitanda hadi kitanda, anamgusa mgonjwa, anamuuliza hali. Mama aliruhusiwa siku ya Jumamosi, akapelekwa kwa Sista, akapewa chumba cha mbele chenye hewa.

Jumatatu, saa nane, Sista alikuwa kitanda cha tano simu ilipotikisika mfukoni. Alikuwa mama yake, na sauti yake ilikuwa shwari kabisa.

"Usihangaike kuwahi, mwanangu, sipo peke yangu. Yule mzee wako amefika."

Sista alimwambia atoke nje. Alimwambia aende kwa jirani, sasa hivi, asivae hata viatu.

"Nitatokaje nimwache mgeni? Anasema wewe ndiye uliyemwelekeza nyumbani. Ngoja nimpe simu, anataka kukushukuru mwenyewe."

Kitu kilikwaruza, kama simu inayopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kikafuata kimya. Hakikuwa kimya cha simu iliyokatika, kwa sababu nyuma yake saa ya ukutani ya sebuleni kwake ilisikika ikigonga.

"Halo?" aliita Sista. "Mama? Upo?"

Wagonjwa wanane waliinua vichwa kumtazama. Akasubiri kidogo, akaita tena, na tena, na hakuna aliyemwitikia.