Maboksi ya Mzee Tumwesigye

Jumapili, saa mbili asubuhi. Kinyamaseke, chumba cha nyuma cha fundi tairi.

Bwambale aligonga meza kwa mpini wa kisu.

"Maboksi saba. Taj Mahal, mnara wa Eiffel, majumba makubwa ya dunia. Ndani iko matofali ya plastiki ya kupanga."

"Vitu ya watoto," akasema Yafesi, dereva.

"Funga mdomo! Kiwanda iliacha kutengeneza. Wazungu wanatafuta. Boksi moja ni bei ya ng'ombe sita. Lakini ikifunguliwa, ni takataka."

Phionah alikuwa wa tatu wao. Miaka minne alimfulia nguo mzee Tumwesigye, mhandisi mstaafu, aliyenunua maboksi hayo moja moja na kuyafungia kabatini. Ufunguo wa kabati alikuwa nao Phionah.

Saa nne na robo. Kasese.

Mzee alikuwa kanisani. Dakika tisa tu, maboksi yote yakawa garini, chini ya magunia ya kahawa.

Saa tano. Njia panda ya Kikorongo.

Yafesi alisimamisha gari.

"Shuka," Bwambale alimwambia Phionah.

"Na sehemu yangu?"

"Polisi watatafuta mwenye ufunguo. Si mimi."

Alimzaba kofi, akamsukuma nje. Phionah aliangukia changarawe. Yafesi alikazia macho barabara.

Dada yake alikaa Kabatoro, si mbali. Angeweza kujificha kwake. Badala yake alifuta damu mdomoni, akaenda moja kwa moja kwenye kizuizi cha polisi.

"Afande, mimi ni mwizi. Wenzangu wanaenda Bwera, kwa mnunuzi, Gracien."

Saa sita na nusu. Bwera.

Gracien, mfanyabiashara wa Butembo, Kongo, alikuwa akikagua boksi la sita, polepole, kona kwa kona.

"Fanya haraka," Bwambale alifoka.

"Doucement. Mutu ananunua, anaangalia."

Mlango ulipigwa teke.

"Lala chini! Wote!"

Nje, injini ilinguruma. Yafesi huyo, akaelekea mpakani bila kuangalia nyuma.

Polisi walimtoa Bwambale uso ukiwa umejaa vumbi, wakampandisha kwenye pikapu ya polisi. Phionah alikuwa ameketi humo tayari, pingu mikononi.

"Mjinga wewe!" Bwambale alitema mate. "Na wewe utafungwa."

"Najua," alisema Phionah. "Nilitaka kukuona ukipanda."